Bajeti ya Chaki Ipo, ya Sponji Iko Wapi?

Anayesoma lugha hapa chuoni anaijua kanuni moja ambayo haijabandikwa kwenye ubao wowote wa matangazo: siku ya jaribio la kusikiliza, wahi. Mlango haufungwi mapema, tatizo ni hedifoni. Zile nzima ni chache, na wenyeji wa maabara ya lugha wameshazikariri kwa namba za meza. Ukiingia saa mbili kamili umeachiwa zile ambazo sponji zimebanduka, kimebaki kitambaa chembamba juu ya plastiki. Ukizivaa dakika 10 unatoka na vipande vyeusi shavuni kama mtu aliyekuwa anapuliza jiko la mkaa. Dada zetu wanaovaa mtandio wana kazi ya ziada ya kuukung'uta koridoni.

Tumelizoea jambo hili mpaka limekuwa utani. Kila mwaka wanafunzi wapya wanachekwa, na mwaka unaofuata wao ndio wanaowacheka wengine. Mimi nadhani utani umetosha. Hoja yangu ni hii: sponji ya hedifoni ni sehemu ya chombo chenyewe, kama ngozi ilivyo sehemu ya ngoma. Na kwa kuwa ndiyo sehemu inayochakaa haraka kuliko zote, inatakiwa inunuliwe kila mwaka kama tunavyonunua chaki na wino wa printa. Chuo kinachotoa maksi za kusikiliza huku sponji zimekufa kinatoa maksi kwa meza uliyokalia.

Kwa wasionifahamu, nina miaka 22, nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Kiingereza. Sisi ndio tutakaokwenda kuwaambia watoto wa watu "hukusikiliza vizuri". Kwa hiyo suala la nini kinapita kati ya spika na sikio linatuhusu kuliko wengi tunavyodhani.

Sponji inafanya kazi gani hasa?

Tuanze na jaribio lisilo na gharama. Chukua hedifoni yoyote inayofunika sikio zima na iliyozibwa kwa nyuma. Weka wimbo wenye besi nzito, singeli, amapiano, chochote. Sikiliza kidogo. Sasa ingiza kalamu kati ya sponji na shavu, chini kidogo ya sikio. Besi imekwenda wapi? Imetoroka. Toa kalamu, halafu kandamiza hedifoni kwa viganja. Imerudi, tena imezidi.

Sababu yake ni rahisi. Spika iliyomo ndani ya hedifoni ni ndogo, nyingi zina kipenyo cha milimita 40 hivi. Spika ndogo namna hiyo haiwezi kusukuma hewa ya chumba kizima ikatoa besi. Inachoweza ni kusukuma ile hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na sikio lako. Sponji ndiyo ukuta wa hicho kichumba. Ukuta ukitoboka hewa inapita pembeni, mgandamizo unapungua, na besi ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa sababu mitetemo yake ni ya polepole na hewa inapata muda wa kupenya kwenye ufa. Sauti za juu zinabaki, ndiyo maana hedifoni iliyochoka inasikika kama redio ndogo iliyowekwa ndani ya ndoo.

Kuanzia hapo utaelewa kwa nini kitambaa cha sponji kina maana. Ngozi, iwe ya kweli au leza ya dukani, huziba. Mahameli na vitambaa vya nyuzi hupitisha hewa kidogo. Ukitoa sponji za leza ukaweka za mahameli kwenye hedifoni hiyo hiyo, mara nyingi besi itapungua, lakini masikio yatapumua na jasho litapungua. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam mwezi wa pili, hilo la jasho si jambo dogo. Kila mmoja anachagua anachotaka kupoteza. Kosa ni kudhani kwamba umebadilisha nguo tu na chombo kimebaki kile kile.

Kimo cha sponji nacho kina habari yake. Sponji mpya inaliweka sikio mbali kidogo na spika. Ikishakandamizwa miaka miwili inakuwa bapa kama chapati ya jana, sikio linasogea, linaanza kugusa plastiki ya ndani. Kwa besi umbali huo si kitu: sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7. Lakini sauti ya mitetemo 10,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 3.4 tu. Kwake milimita 5 ni safari. Kwa hiyo sponji ikilala, sauti za juu nazo zinabadilika, na ni hizo zinazobeba herufi kama "s" na "f".

Halafu kuna raha ya kuvaa. Hedifoni hukaa kichwani kwa kubana. Sponji nzima inaisambaza ile nguvu kuzunguka sikio lote. Sponji iliyolala inaiacha iangukie kwenye gegedu la sikio na kwenye mfupa wa nyuma yake. Dakika 15 za kwanza huoni tofauti. Jaribio la saa moja ukiwa dakika ya 40, unaanza kuinua upande mmoja kwa kidole ili sikio lipumzike, na ukiinua tu, umeingiza ile kalamu ya jaribio letu la mwanzo.

Na wapo wenzetu wanaokaa na hiyo kalamu muda wote. Mwenye miwani ana mkono wa miwani unaopita chini ya sponji. Mwenye rasta au nywele zilizosukwa kubwa ana mafundo. Anayevaa mtandio ana kitambaa kati ya sikio na hedifoni. Sponji nene na laini hujifinya kufuata maumbo hayo na kuziba sehemu kubwa ya upenyo. Sponji iliyokufa haifinyiki, inaacha ufa. Kwa hiyo hedifoni ile ile, kwenye meza ile ile, inawapa watu wawili sauti mbili tofauti, na anayepunjwa mara nyingi ni yule yule kila wakati.

Jina moja, vyombo tofauti

Vijana wa mabwenini tunapenda sana kubishana hedifoni ipi ni kali. Ubishi mwingi unakosa jambo moja: watu wawili wanaweza kutaja jina moja huku wanazungumzia vitu viwili.

Mfano ninaoupenda ni wa kampuni ya Kijerumani, Beyerdynamic, iliyoanza mjini Berlin mwaka 1924. Hedifoni yao ya DT 770 ipo tangu mwaka 1985 na imekaa kwenye studio nyingi duniani. Lakini DT 770 PRO yenyewe imeuzwa ikiwa na ukinzani wa omu 32, omu 80 na omu 250. Umbo ni moja, jina ni moja. Ile ya omu 32 huja na sponji za leza nyeusi, na zile nyingine huja na mahameli ya kijivu. Mwaka 2024, kampuni ilipotimiza miaka 100, likatoka toleo la DT 770 PRO X lenye spika mpya na waya unaochomoka. Sasa mtu akikwambia "DT 770 ina besi nyingi", muulize kwanza: ipi, na ina sponji gani?

Wakati mwingine toleo jipya hurekebisha kitu kidogo lakini cha kweli. Sennheiser walitoa HD 800 mwaka 2009, wasikilizaji wengi wakaisifu lakini wakalalamika kwamba kuna mahali sauti za juu zinachoma. Mwaka 2016 ikaja HD 800 S, na mojawapo ya mabadiliko ni kifyonza sauti kilichowekwa ndani ili kupoza ule mwasho. Kwa nje, ukiondoa rangi, zinafanana kama mapacha.

Wakati mwingine toleo jipya si hatua mbele hata kidogo kwa mtumiaji wa kawaida. Sony WH-1000XM4 ya mwaka 2020 ilikuwa inakunjika. WH-1000XM5 ya mwaka 2022 ikaacha kukunjika. WH-1000XM6 ya mwaka 2025 ikarudi kukunjika. Aliyenunua ya katikati kwa sababu tu ni "mpya" amebeba mkoba mkubwa zaidi miaka yote hiyo. Na mwaka 2024 Apple walipoifanyia mabadiliko AirPods Max ya mwaka 2020, kilichobadilika wazi kilikuwa tundu la chaji na rangi. Ila kitu kimoja kwenye hedifoni hiyo ningependa kila mtengenezaji akiige: sponji zake zimeshikwa kwa sumaku. Unazivuta kwa vidole, unaweka mpya, basi. Huhitaji fundi wala bisibisi.

Nayataja haya kwa sababu utamaduni wetu wa kununua, hapa chuoni na kule Kariakoo, umejengwa juu ya neno "toleo jipya". Bumu likiingia tu, watu wanauliza: ina besi? Inakaa chaji saa ngapi? Imeandikwa Pro? Ni wachache wanaouliza maswali matatu ambayo yangewaokoa hela: sponji inatoka? Vipuri vyake vinauzwa? Vipimo vyake ni vipi? Hedifoni ya bei ya kati yenye sponji zinazobadilika itaishi kuliko hedifoni ya bei mbaya ambayo sponji zimegandishwa kwa gundi.

Tahadhari moja hapo. Kubadilisha sponji hakumaanishi kuweka yoyote inayoenea. Jirani yangu wa bwenini alimpelekea fundi wa makochi hedifoni yake, akashonewa sponji za leza nzito, safi kabisa kwa macho. Kuvaa ni raha tupu. Lakini tundu la katikati lilitoka dogo na sponji ikawa nene mno, basi kila mtangazaji akawa anasikika kama anaongea akiwa ndani ya simtanki. Fundi hakufanya kazi mbaya, alifanya kazi ya kochi. Sponji ya hedifoni ina kipenyo chake cha ndani, kimo chake na kitambaa chake, na ukibadilisha kimojawapo umeunda hedifoni nyingine. Kwa muziki wako binafsi hiyo ni haki yako, jaribu unavyotaka. Kwa maabara ambayo watu wanapewa maksi, sponji ziwe za aina moja kwenye meza zote.

Pwani yetu na poliyurethani

Wengi wanaamini sponji zinabanduka kwa sababu wanafunzi hawana adabu. Tukubali kwanza sehemu yetu: wapo wanaozibandua kwa kucha wakati mhadhara umenoga, kama mtoto anayebandua kidonda. Hilo tuliache.

Lakini sababu kubwa ni kemia. Leza nyingi za sponji hutengenezwa kwa poliyurethani. Unyevunyevu huingia kwenye minyororo ya kemikali hiyo na kuikata polepole, na joto huharakisha kazi. Jasho na mafuta ya ngozi yanaongezea. Sasa fikiria mji wa pwani: joto, hewa yenye maji mwaka mzima, masikio ya watu 200 kwa wiki. Sponji hiyo ingebanduka hata kama tungeivaa kwa glavu.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata mkoani Tanga, si mbali na bahari. Kwenye kabati la idara kulikuwa na hedifoni sita za msaada ndani ya maboksi yake. Mwalimu mlezi wangu, mama mmoja mwenye roho nzuri, akaniambia, "Mwanangu, hizo zimekufa. Tulizitunza kwa ajili ya mitihani." Nikazitoa. Sponji zote zilikuwa zimegeuka unga mweusi, na hakuna mtu aliyewahi kuzivaa zaidi ya mara mbili tatu. Nikazichomeka kwenye simu: spika zote sita zinaongea vizuri kabisa. Nilimwambia, "Mama, hazijafa hizi, zimevuliwa nguo tu." Alicheka sana. Mpaka namaliza mazoezi hatukupata sponji za kuzitosha, kwa sababu hakuna aliyejua ni za aina gani na duka la karibu halikuwa nazo. Vyombo sita vizima vikarudi kabatini.

Kisa hicho kina somo la ununuzi. Ukinunua sponji 300 leo ukazifungia stoo kwa miaka mitano, utazikuta unga. Hiki si kitu cha kulimbikiza. Ni cha kununua kidogo kidogo kila mwaka na kutumia. Ndiyo maana nasema mahali pake ni kwenye bajeti ya chaki, pamoja na vitu vinavyoisha, na si kwenye bajeti ya vifaa vinavyonunuliwa mara moja na kusubiri msaada mwingine.

Samani au thamani?

Hapa nitakutana na anayejua mambo, atakayeniuliza: besi ikipungua, mtihani wa lugha unaathirika vipi? Simu za mezani kwa miongo mingi zilibeba sauti za kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde tu, bila besi yoyote ya maana, na watu walielewana, wakatongozana mpaka wakaoana. Ni kweli. Kama tatizo lingekuwa besi peke yake, ningeandika makala hii kwenye ukurasa wa burudani.

Tatizo la jaribio la kusikiliza ni kelele. Ufa unaotoa besi nje ndio huo huo unaoingiza kelele ndani: jenereta, pikipiki, wenzako wanaobishana koridoni, feni inayolia. Na kelele haifuniki herufi zote kwa usawa. Irabu zina nguvu, zinapenya. Konsonanti kama "s", "f", "th" na "sh" zina nguvu ndogo na zimekaa kwenye sauti za juu, hizo ndizo zinazozama kwanza. Sikiliza jozi hizi ukiwa kwenye kelele: samani na thamani, sali na shali, fika na pika. Kwa Kiingereza hali ni ngumu zaidi, kwa sababu herufi moja ya mwisho, hiyo hiyo "s" dhaifu, ndiyo inayotofautisha umoja na wingi, na inabadilisha hata kitenzi. Mwanafunzi anaandika umoja, mwalimu anakata maksi, na kwenye karatasi kosa linaonekana la sarufi. Hakuna mahali kwenye karatasi ya majibu pa kuandika "meza namba 17, sponji ya kushoto haipo".

Mwenye hedifoni nzima anasikia. Mwenye mbovu anafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya, anaongeza sauti. Na hapo tunaingia kwenye afya. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 wako kwenye hatari ya kuharibu usikivu wao kwa tabia zisizo salama za kusikiliza. Kiwango chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani wanaweka desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Kwenye kitufe cha sauti hizo desibeli 3 unazipita kwa mguso mmoja au miwili. Na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea mitetemo havioti tena vikishakufa.

Ndiyo maana kwangu sponji inayoziba vizuri ni kinga. Anayesikia vizuri kwa sauti ya chini hana sababu ya kuipandisha. Hilo linakuhusu hata kama husomi lugha. Daladala, maktaba, jikoni hosteli, tunavaa hivi vitu saa nyingi kwa siku, na wengi wetu tumepandisha sauti ili kushinda kelele ambayo sponji nzuri ingeizuia bure.

"Lakini tuna shida kubwa kuliko hiyo"

Naisikia hoja hii kabla haijasemwa. Maji yanakatika hosteli, bumu linachelewa, vyumba havitoshi, na huyu anatuletea habari za sponji. Nakubali kwamba maji ni makubwa kuliko sponji. Ila maji yanahitaji mabomba, mkandarasi na vikao vya miaka. Sponji zinahitaji mstari mmoja kwenye bajeti na mtu mmoja wa kuzibadilisha siku ya Jumamosi. Serikali ya wanafunzi inayoshindwa kupata kitu cha ukubwa huo itapataje vikubwa?

Wapo pia wanaosema kila mwanafunzi aje na hedifoni yake. Inasikika kama suluhisho, lakini hebu ifikirie. Kwanza tutakuwa tunapima mfuko. Mwenye nazo ataingia na hedifoni inayozuia kelele, asiye nazo ataingia na zile za shilingi elfu tatu za kituoni. Pili, nyingi tunazonunua siku hizi ni zisizo na waya au zina kichwa cha USB-C, na mashine za maabara zina tundu la zamani la duara. Tatu, mtihani unaopimwa kwa vyombo 40 tofauti si mtihani mmoja. Sisi wa ualimu tumefundishwa darasani kwamba kipimo kizuri lazima kimpime kila mtu kwa hali ile ile. Tusikariri hayo kwa ajili ya mtihani halafu tukubali kinyume chake tukiwa ndani ya mtihani wenyewe.

Ninachopendekeza kifanyike

Moja, chuo kikinunua hedifoni tena, masharti ya zabuni yataje wazi kwamba sponji lazima zibadilike kwa mkono na muuzaji aonyeshe sponji za akiba zinapatikana wapi. Zipo hedifoni ambazo zimebaki sokoni miongo mingi kwa sababu hiyo hasa. Sennheiser HD 25 ipo tangu mwaka 1988, Sony MDR-7506 tangu mwaka 1991, na sponji zake bado zinapatikana. Sisemi tununue hizo, bei zake si za maabara yetu. Nasema kigezo hicho kipo duniani na kinawezekana.

Mbili, uwepo mstari wa sponji kwenye bajeti ya kila mwaka, kwa idadi ya kutumika mwaka huo tu, kwa sababu ya ile kemia.

Tatu, kabla ya kila jaribio la kusikiliza pawe na dakika tano za maneno ya kujaribia. Dogo tu: sauti inasoma maneno kumi, unaandika, unakagua. Ukigundua hedifoni yako haifai, una haki ya kubadilishiwa meza bila kuonekana msumbufu, na muda wako hauliwi.

Nne, mwenye miwani mizito, nywele zilizosukwa, mtandio au tatizo la usikivu aruhusiwe kuomba chumba kidogo chenye spika ya kawaida. Hilo halina gharama zaidi ya kufungua mlango.

Tano, na hili ni letu wenyewe: tusibandue. Tusivae hedifoni za maabara tukiwa na jasho la kutoka uwanjani. Tukimaliza tufute kwa kitambaa kikavu, na tuzitundike, tusizirundike juu ya meza zikalaliana. Wasimamizi wa maabara wanaposema wanafunzi ni waharibifu, tuwe na uso wa kukanusha.

Mapendekezo haya nimeyaandika kwenye ukurasa mmoja pamoja na namba za meza ambazo sponji zake zimekwisha, na mwakilishi wa kitivo chetu amekubali kuupeleka kwenye kikao kijacho cha bunge la wanafunzi. Kinachohitajika ni sahihi, na zaidi ya sahihi, maelezo. Kama umewahi kufanya jaribio ukiwa unashikilia hedifoni kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, andika tarehe na namba ya meza, umpe CR wako kabla ya Ijumaa. Namba za meza zikifika nyingi, itakuwa vigumu kwa yeyote kusema kwamba tatizo ni masikio yetu.